Gasketi ya Injini na Namna ya Kujua Inapovuja

Siku hizi katika wilaya zetu motokaa si kitu cha ajabu, wala wengi walio nayo hawakuinunua kwa ajili ya matembezi. Ni gari la kupelekea mahindi na ndizi sokoni, la kuchukua abiria siku ya gulio, na la kumkimbiza mgonjwa hospitali wakati wa usiku. Gari la namna hii likifa, haikufa injini peke yake. Imekufa pamoja na ada ya shule ya watoto na posho ya nyumba. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye gari na kila dereva ajue habari za jambo moja dogo liwezalo kumtia mtu katika hasara kubwa, nalo ni kuvuja kwa gasketi.

Hasara hiyo huingia kwa milango miwili. Mtu wa kwanza huziona dalili akazipuuza. Kila asubuhi huongeza maji katika rejeta na kuendelea na safari, mpaka siku injini inapochemka njiani na chuma chake kupinda. Mtu wa pili huogopa upesi. Akisikia tu neno "gasketi" limetajwa, hukubali injini ifunguliwe siku ile ile, akalipa fedha nyingi, kumbe kilichokuwa kibovu ni mpira wa maji au mfuniko wa rejeta. Watu hawa wawili huonekana mbalimbali, lakini kosa lao ni moja: hawakupima kabla ya kuamua. Tabibu mwema hampasui mtu kwa kuwa amemsikia akikohoa. Basi katika somo hili tutaeleza gasketi ni kitu gani, dalili za kuvuja kwake ni zipi, na jinsi ya kuzipima moja baada ya moja, tukianza na vipimo visivyogharimu kitu, hata tupate hakika.

1. GASKETI NI KITU GANI

Ukichukua vipande viwili vya chuma, hata viwe vimesawazishwa namna gani, ukivikutanisha haviwezi kushikamana kabisa hata visipitishe maji, wala hewa, wala oili. Kwa hiyo katikati yake huwekwa kitu chembamba ambacho kikibanwa kwa bolti hujaza kila kijibonde na kuziba. Kitu hicho ndicho gasketi. Injini moja ina gasketi nyingi; nyingine ni za karatasi ngumu, nyingine za mpira, na nyingine za mabati membamba.

Iliyo kubwa kuliko zote ni ile inayokaa kati ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na hedi, yaani kichwa kinachozifunika silinda hizo. Katika injini nyingi za zamani silinda na kichwa chake zilisubiwa pamoja zikawa kitu kimoja. Motokaa ya Ford ya namna ya T, iliyotokea mwaka 1908, ilikuwa na hedi ya kufunguliwa, na jambo hilo lilimrahisishia fundi kazi ya kusafisha valvu na pistoni. Lakini kichwa kikitengwa na mwili, hapana budi kiwepo kitu cha kuviunganisha bila kuvuja. Gasketi za hedi za zamani zilifanywa kwa shaba na asibesto. Za magari mengi ya sasa ni mabati membamba ya chuma yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka.

Kazi ya gasketi hii ni ngumu. Mfikiri askari mmoja aliyewekwa kulinda milango mitatu kwa wakati mmoja. Mlango wa kwanza ni wa moto uliomo ndani ya silinda. Wa pili ni wa maji yanayopita kando kuipoza injini. Na wa tatu ni wa oili inayolainisha vyuma. Vitu hivi vitatu hupita karibu karibu sana, pengine bila nafasi ya upana wa kidole kati yake, wala havipaswi kukutana kamwe. Joto la moto wa silinda hupita digrii 2,000 kwa kitambo kidogo mno, na injini ya kawaida izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupiga moto mara 25 kwa sekunde moja. Askari akichoka, vitu vilivyotengwa huchanganyika, na kila mchanganyiko una dalili yake. Hii ndiyo siri ya somo zima: ukijua ni kitu gani kilichotoka, na kimeingia mahali gani, umeujua ugonjwa.

2. SOMA DOA LILILO CHINI YA GARI

Kabla ya kuishuku gasketi kubwa, tazama kama kuna kitu kinachomwagika nje. Jioni gari likisimama, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, na asubuhi ulisome kama usomavyo barua. Maji safi yasiyo na rangi, yaliyodondoka baada ya kutumia mashine ya kupoza hewa ndani ya gari, si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa tu. Maji yenye rangi ya kijani, nyekundu au buluu, yanayoteleza kidogo katika vidole, ni ya rejeta, maana yametiwa dawa iitwayo kulanti. Mafuta ya kahawia au meusi ni oili ya injini. Mafuta mekundu huwa mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Usionje kitu chochote, wala usiache kulanti mahali watoto, mbwa au kuku wanapofika. Nyingi zina ladha tamu, lakini ni sumu iwezayo kuua.

Ukiona oili, usiseme upesi imetoka mahali ulipoiona. Oili hushuka chini, na gari liendapo upepo huisukuma nyuma. Basi osha injini ikiwa imepoa, ikaushe, kisha nyunyizia unga wa chaki mahali unapopashuku, uiwashe kwa dakika kadhaa. Mahali pa juu kuliko pote panapolowa ndipo penye kosa. Mara nyingi utakuta ni gasketi ya kifuniko cha valvu, ambacho mafundi hukiita tapeti kava, nayo si kazi kubwa kuibadili. Lakini usiiache, kwa sababu oili yake ikidondokea bomba la moshi lenye joto hutoa harufu ya kuungua, na yaweza kuwasha moto. Pengine ni gasketi ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini kabisa.

Ziko na gasketi mbili zisizomwaga kitu cha kuonekana. Ya kwanza ni ya manifodi ya ekzosi, hapo moshi unapotokea katika hedi. Ikivuja, husikika mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, nao hupungua chuma kinapopata joto na kutanuka; tena utaona masizi meusi mahali unapopenya. Moshi huo ukiingia ndani ya gari una hatari, kwa kuwa umo ndani yake hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ya pili ni ya manifodi ya kuingizia hewa. Ikivuja, injini hufyonza hewa isiyopimwa, ikanguruma ovyo hali gari limesimama, na mlio wa kufyonza husikika. Nyunyizia maji kidogo kama umande kwenye maungio yake, mbali na nyaya za umeme. Mlio wa injini ukibadilika ghafula, umepapata mahali. Wengine hutumia petroli kwa kazi hii. Nao wanacheza na moto.

3. DALILI ZA GASKETI YA HEDI

Sasa twende kwenye gasketi kubwa yenyewe. Dalili zake ni hizi.

Maji hupungua bila kuonekana yalikokwenda. Boksi ni kavu, mipira ni mizima, lakini kila baada ya siku chache rejeta yataka kuongezwa. Maji hayawezi kutoweka. Kama hayakumwagika nje, yameingia ndani.

Moshi mweupe mwingi hutoka nyuma, nao haukomi hata injini ikishapata moto. Maji yanaingia katika silinda, yanageuka mvuke na kutoka pamoja na moshi, na pengine huwa na harufu tamu tamu ya kulanti. Hapa yapasa kutofautisha rangi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi. Mweupe usiokoma ndio wa maji.

Oili hugeuka rangi. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukaona imekuwa kama chai ya maziwa iliyoganda, maji yameingia katika oili. Injini ya namna hii isiwashwe tena hata kidogo, maana oili yenye maji hailainishi, na vyuma vya ndani vitasagana.

Mafuta huelea juu ya maji ya rejeta, au maji yamechafuka yakawa kama matope ya kahawia.

Injini huchemka. Moto wa silinda ukipenya katika njia za maji, huyasukuma na kuyatoa mahali pake, na penye hewa maji hayapo, wala chuma hakipozwi. Mara nyingi gari huwa jema barabara ikiwa tambarare, bali likipanda mlima na mzigo, kipimo cha joto hupanda nalo.

Injini hukosa nguvu na kutetemeka, hasa asubuhi inapowashwa, kisha hutulia. Usiku maji yamechuruzika kidogo katika silinda moja, na plagi yake haiwaki mpaka yatakapokauka.

Msomaji asidhani ya kuwa lazima dalili zote zionekane pamoja. Gasketi ikiungua kati ya silinda mbili tu, maji hayatapungua wala oili haitabadilika. Nguvu tu ndiyo itakayopotea. Ikivuja upande wa nje, utaona uchirizi wa maji au oili penye mwungano wa hedi na bloku, na mengine yote yatakuwa mazima. Kwa hiyo dalili moja haitoshi kumhukumu mtu, wala kukosekana kwa moja hakutoshi kumwachilia.

4. DALILI ZENYE KUDANGANYA

Dalili ya mvua ni mawingu, walakini si kila wingu huleta mvua. Yako mambo yanayofanana na ugonjwa wa gasketi, nayo si ugonjwa huo.

Moshi mweupe wa asubuhi katika nchi za baridi, kama Limuru au Njombe, ni mvuke wa kawaida. Ukikoma baada ya dakika chache na maji hayapungui, usifadhaike. Povu jeupe chini ya mfuniko wa kutilia oili, katika gari linaloendeshwa safari fupi fupi, laweza kuwa ni umande tu uliokusanyika kwa sababu injini haipati joto la kutosha. Tazama oili iliyo kwenye kijiti. Ikiwa ni safi, endesha gari safari ndefu, kisha tazama tena.

Kuchemka nako kuna sababu nyingi: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mkanda uliolegea, pampu ya maji iliyochoka, au thamostati, yaani kilango kinachofunguka maji yakipata joto, iliyokwama. Hata mfuniko wa rejeta peke yake waweza kuleta taabu yote. Watu wengi huudhania ni kizibo tu kama cha chupa, kumbe kazi yake ni kuyabana maji ili yasichemke upesi. Katika mji kama Nairobi, ulio juu ya bahari mita kama 1,700, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100 kama pwani. Mfuniko ulioandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, huyafanya yasichemke pwani mpaka yapite digrii 118 hivi. Springi yake ikilegea, maji huchemka na kutoka nje, na injini iliyo nzima huhesabiwa kuwa mgonjwa. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo. Basi uangaliwe kwanza.

5. VIPIMO, KIMOJA BAADA YA KINGINE

Kwanza, onyo. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa yamepita joto la kuchemka. Ukiondoa mbano ghafula, hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Watu wameungua uso na macho kwa haraka ya dakika moja. Ngoja mpaka mpira mkubwa wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza na kuminyika kwa urahisi. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa kinene na kuulegeza pole pole.

Kipimo cha kwanza ni daftari. Twaa kitabu kidogo, uandike kila asubuhi, injini ikiwa baridi, kilometa zilizokwenda, kiasi cha maji ulichoongeza, na kiasi cha oili. Baada ya majuma mawili utajua kama maji yanapungua kweli au ni hofu tu, na kama upungufu unazidi. Fundi akipata karatasi ya namna hiyo amepata nusu ya kazi yake. Lakini kipimo hiki ni kwa upungufu mdogo tu. Injini iliyochemka au yenye oili ya maziwa haingojei majuma mawili.

Cha pili ni mpira wa juu wa rejeta. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, uminye, kisha uwashe injini. Ukiwa mgumu kama jiwe kabla ya dakika mbili, na hali maji bado ni baridi, jua ya kuwa si joto lililoujaza. Ni hewa ya silinda inayopenya katika maji.

Cha tatu ni mapovu. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza maji mpaka shingoni, uwashe, ukisimama kando wala usiinamishe uso juu yake. Mapovu machache ya kwanza ni hewa iliyosalia katika mabomba. Lakini yakiendelea bila kukoma, na yakizidi unapoongeza moto wa injini, hiyo ni dalili kubwa. Zima kabla maji hayajapata joto.

Cha nne ni tone la oili. Likiwa na shaka, lidondoshe juu ya bati lenye moto, mbali na gari na petroli. Oili safi hutoa moshi kimya kimya. Yenye maji hulia na kurukaruka kama mafuta ya kukaangia yaliyoingiwa na maji.

Vipimo hivi vinne mtu yeyote aweza kuvifanya. Vinavyofuata ni vya fundi mwenye vyombo, lakini mwenye gari avijue ili aweze kuviomba.

Cha tano ni pampu ya kubana maji. Hufungwa mahali pa mfuniko, na hewa husukumwa mpaka kadiri iliyoandikwa kwenye mfuniko wa gari hilo, wala isipite. Kisha hungojwa kama robo saa. Mshale ukishuka na nje maji yanatiririka, umeona tundu. Ukishuka na nje ni kukavu, chomoa plagi utazame kama silinda ina maji, na utazame pia zulia la ndani, maana rejeta ndogo ya kupashia joto ndani ya gari nayo huvuja.

Cha sita ni kipimo cha mbano wa silinda. Injini iwe imepata moto, plagi zote zichomolewe, umeme wa plagi na petroli vikatwe, pedeli ya moto ikanyagwe mpaka mwisho, na injini izungushwe kwa stata mara tano au sita kwa kila silinda. Injini nyingi za petroli zilizo nzima huonyesha kiasi cha ratili 150 mpaka 200 kwa kila inchi ya mraba. Za dizeli huonyesha zaidi sana, wala kipimo cha petroli kisitumiwe kwazo. Lakini kulinganisha silinda kwa silinda kwafaa kuliko hesabu yenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba silinda ya chini isipungue robo tatu ya ile ya juu. Tuseme ya kwanza imeonyesha 170, ya pili 95, ya tatu 90, na ya nne 165. Robo tatu ya 170 ni 127 na nusu. Basi ya pili na ya tatu ni wagonjwa, na kwa kuwa ni majirani, yaelekea gasketi imeungua kati yao. Kama silinda iliyopungua ni moja tu, tia ndani yake kijiko cha oili upime tena. Mbano ukipanda, ringi za pistoni zimechoka. Usipopanda, tazama valvu au gasketi.

Cha saba ni hewa ya kompresa. Pistoni hupandishwa juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, na hewa huingizwa kwa tundu la plagi. Kisha fundi husikiliza. Hewa ikitokea bomba la moshi, kosa ni la valvu ya kutolea moshi. Ikitokea njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikivuma penye mfuniko wa oili, ni ringi. Na maji ya rejeta yakibubujika, ni gasketi au ufa katika chuma.

Cha nane ni dawa ya buluu. Hewa inayotoka juu ya maji ya rejeta hupitishwa ndani ya dawa hiyo. Ikigeuka manjano, imekutana na kabonidayoksaidi, hewa inayotoka katika moto wa silinda, wala haikupaswa kuwamo katika maji.

Vipimo viwili vya namna mbalimbali vikishuhudia jambo moja, hapo twaweza kusema tuna hakika. Shahidi mmoja hatoshi barazani. Na injini nayo ni vivyo hivyo.

6. IKITHIBITIKA, IFANYWE NINI

Hedi ikifunguliwa, kazi haijaisha kwa kununua gasketi mpya. Gasketi nzuri haiungui bila sababu. Mara nyingi iliunguzwa na injini kuchemka, na kuchemka kulikuwa na chanzo chake. Ukiweka mpya na kuiacha rejeta imeziba, umevika nguo mpya juu ya donda.

Hedi ikipata joto kupita kiasi hupinda, hasa zile za aluminiamu, ambazo ndizo nyingi siku hizi. Fundi na aweke rula ya chuma iliyonyoka juu ya uso wake, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na kupenyeza chini yake kibati chembamba cha kupimia. Katika injini nyingi ndogo kipimo cha mwisho kinachokubaliwa ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na unywele wa mtu una kiasi hicho hicho. Kwa hiyo jicho tupu haliwezi kusema "imenyoka." Kitabu cha gari ndicho kitakachotoa kadiri yake. Kadhalika hedi ikaguliwe kama ina ufa, maana ufa hutoa dalili zile zile za gasketi.

Bolti za hedi hulegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, na hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa duru kadhaa, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Katika magari mengi ya sasa bolti hizo hunyooka zinapokazwa, wala hazitumiwi mara ya pili. Tazama kitabu kinasemaje. Gasketi ya zamani yenye asibesto isikwanguliwe ikiwa kavu wala kupulizwa kwa hewa, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu, ilowanishwe kwanza. Nayo oili chafu na maji ya kulanti visimwagwe shambani wala karibu na kisima.

Ziko dawa zinazouzwa za kumimina katika rejeta ili kuziba tundu. Pengine humfikisha mtu nyumbani, lakini huweza pia kuziba njia nyembamba za rejeta. Si matibabu.

7. UKIPATWA NJIANI

Mshale wa joto ukipanda kwenye alama nyekundu, simama mahali pa salama na uzime injini. Usiseme, "Nimalize kilima hiki." Kilima hicho kimoja ndicho kigeuzacho kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini mpya. Usimwagie injini maji ya baridi, maana chuma cha moto kikipata baridi ghafula hupasuka. Ngoja ipoe, kisha ongeza maji pole pole, na kama yanatoweka mara moja, vuta gari kwa kamba.

8. MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Mafundi wengi ni watu waaminifu na wenye maarifa, nao hupenda mteja aliye na habari. Kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, mwenye gari na aulize kwa adabu maswali manne. La kwanza: Ni kitu gani kilichotoka, na kimeingia wapi? La pili: Ni vipimo gani viwili vilivyoonyesha hivyo? La tatu: Mfuniko, mipira, pampu, feni na thamostati vimeangaliwa? La nne: Ni nini kilichoiunguza gasketi, nacho kitatengenezwa pamoja nayo?

Akipata majibu ya manne haya, atoe fedha zake kwa moyo mweupe, na gari liwe gerejini siku hiyo hiyo bila kuahirisha, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Asipoyapata, gari lisiwashwe, wala lisifunguliwe; lipimwe kwanza.